Asili ya Migomo ya Wanafunzi wa Mlimani Katika Zama za Ujamaa, 1966–1978

Katika makala haya nakusudia kuchunguza sababu zilizowafanya wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kuinuka mara tatu mbele ya Serikali yao katika zama za ujamaa: mwaka wa 1966, mwaka wa 1971, na mwaka wa 1978. Huenda msomaji akauliza kwa nini mambo ya historia yaletwe katika jarida la lugha. Jibu langu ni kwamba, kwa kadiri nilivyoweza kuyachunguza, mambo hayo hayafahamiki barabara mpaka tutazame maneno yaliyotumiwa na pande zote mbili. Walioyaandika kabla yangu wametaja mishahara, matabaka, uchumi na ukaidi wa ujana. Yote hayo yana sehemu yake. Walakini liko jambo moja ambalo aghalabu hupitwa upesi, nalo ni hili: wanafunzi wale hawakupata hoja zao kwa adui wa Serikali, bali walizipata kwa Serikali yenyewe.

Mimi nilizaliwa Nyakatuntu, kata ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe na ambayo tangu mwaka wa 2012 imo katika Wilaya ya Kyerwa. Mambo nitakayoyaeleza yalitokea kabla sijazaliwa, nami niliyapokea kwanza kama neno, si kama habari. Wazee wa pande zetu, walipozungumza juu ya vijana wa Karagwe waliopata kwenda kusoma Mlimani, walikuwa wakiwagawa mafungu mawili: waliomaliza na waliofukuzwa. Kwetu, mtoto akifukuzwa shule ni aibu ya nyumba nzima. Basi nilistaajabu kusikia neno hilo la pili likitamkwa bila ya aibu, kwa sauti ya chini lakini kwa heshima. Siku moja nilimwuliza babu yangu sababu yake. Akanijibu kwa Kinyambo, nami nafasiri hapa, kwamba watu wale hawakuiba kitu cha mtu; walisema tu.

Jibu hilo fupi ndilo lililonipa swali la makala haya. Ilikuwaje kusema kukawa kosa katika nchi ambayo viongozi wake walikuwa wakiwahimiza watu waseme? Na ilikuwaje adhabu ya kosa hilo ikawa kurudishwa kijijini, hali kijiji ndicho kilichosifiwa kuwa shina la taifa?

Yafaa kwanza tuondoe shaka moja. Serikali ya Tanganyika, na baadaye ya Tanzania, haikuwa ya kikomunisti. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake juu ya ujamaa cha mwaka wa 1962, aliujenga ujamaa wake juu ya jamaa, yaani ukoo na udugu, wala si juu ya vita vya matabaka. Hata hivyo ziko sura kadhaa zilizofanana. Tangu mwaka wa 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria, yaani TANU kwa upande wa Bara na Afro-Shirazi Party kwa upande wa Zanzibar. Njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma tangu mwaka wa 1967. Vyama vya wafanyakazi na jumuiya za vijana viliwekwa chini ya Chama. Basi twaweza kuitazama Tanzania pamoja na nchi za kikomunisti bila ya kusema kwamba ilikuwa mojawapo.

Tukiitazama hivyo, twaona jambo la kuzingatia. Usiku wa tarehe 22 Oktoba, 1956, wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Budapest waliandika madai 16, na siku ya pili yake maandamano yao yakageuka kuwa maasi ya nchi nzima ya Hungaria. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa Warsaw waliandamana baada ya Serikali kuuondoa jukwaani mchezo wa Mickiewicz, mshairi ambaye Serikali hiyo hiyo ilimfundisha shuleni kuwa fahari ya taifa. Na mwaka wa 1989, katika uwanja wa Tiananmen mjini Beijing, wanafunzi waliimba wimbo wa Internationale, ambao ni wimbo wa wakomunisti wenyewe. Katika kila nchi hizo, aliyeinuka alikuwa ameshika mkononi kitabu alichopewa na mtawala. Huo ndio mfano nitakaoupima kwa habari za Dar es Salaam.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, kikiwa na idara ya sheria peke yake, katika jengo la TANU. Mwaka wa 1964 kilihamia kilimani, nje ya mji wa siku zile, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Jina hilo si la mahali tu. Mtu wa Nyakatuntu aliyepata nafasi huko alikuwa amesafiri zaidi ya kilometa 1,300 kutoka migomba na mibuni ya kwao, na alikuwa amepanda ngazi ambayo wenzake wengi hawakuiona hata chini yake. Shule zilikuwa chache. Karo ya sekondari ilifutwa mwaka wa 1964, na masomo ya chuo yalilipwa kwa fedha za umma. Ndiyo kusema kwamba mkulima wa kahawa wa Karagwe, hata asiyekuwa na mtoto shuleni, alikuwa akimlipia mtoto wa mwenzake. Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwakumbusha wanafunzi deni hilo, na hoja yake ilikuwa ya haki.

Inuko la kwanza lilitoka katika hesabu ya deni hilo. Mnamo mwezi wa Oktoba mwaka wa 1966 Serikali iliamua kwamba wanaohitimu chuo kikuu na vyuo vingine vya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka 2, na kwamba katika sehemu kubwa ya muda huo, watakapokuwa kazini, wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba, miaka 10 kamili baada ya usiku ule wa Budapest, wanafunzi wapatao 400 waliandamana mpaka Ikulu. Walisoma mbele ya Rais tamko lililoandikwa kwa Kiingereza, wakieleza kwamba masharti yasipobadilishwa watakwenda jeshini kwa miili yao lakini si kwa nyoyo zao. Palikuwa na bango lililodai kwamba ukoloni ulikuwa nafuu kuliko hali hiyo.

Mwalimu alighadhibika. Aliwajibu kwamba ni kweli mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, pamoja na wake mwenyewe, akaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20 papo hapo. Kisha akawaamuru wanafunzi wale warudi makwao. Karibu wote 400 waliondolewa chuoni, na wengi wao hawakuruhusiwa kurejea mpaka mwaka wa 1967.

Je, hayo yalikuwa mapambano ya kudai demokrasia? Kwa maoni yangu, hayakuwa, au yalikuwa kwa sehemu ndogo sana. Tukiyatazama maneno ya tamko lile twaona kwamba ni lugha ya mkataba: muda, mshahara, masharti. Msemaji anazungumza kama mtu aliyeahidiwa kazi kisha akapunjwa. Hakuna mahali anapowataja wakulima, na lugha anayoitumia wakulima hawaijui. Kwa hiyo, walipofukuzwa, wananchi wengi waliona kuwa wamestahili. Neno *msomi* tangu hapo lilianza kuvaa dhihaka. Likawa karibu na *naizi*, mtu aliyerithi kiti cha mkoloni pamoja na desturi zake.

Lakini ndani ya tukio hilo palipandwa mbegu mbili. Ya kwanza ni kwamba Rais mwenyewe, mbele ya vijana, alikubali kwamba mshahara wa kiongozi ni jambo linaloweza kuhojiwa. Ya pili ni kwamba miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, nalo liliweka masharti ya uongozi kwa maandishi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani kilichokuwa hasira ya siku moja Ikulu kikawa kanuni. Na kanuni iliyoandikwa husomwa na kila ajuaye kusoma.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia katika habari hii kwa nguvu zake zote. Azimio lilitangazwa kwa Kiswahili, na ufafanuzi wake ukafanywa kwa Kiswahili redioni, magazetini, na katika mikutano ya vijiji. Mwaka huo huo wa 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na lugha ikahimizwa katika shughuli za Serikali. Yakaenea maneno ambayo ama yalikuwa mapya, ama yalikuwa ya zamani yaliyotiwa maana mpya. Kitenzi *kunyonya*, ambacho ni cha mtoto na mamaye, kilizaa *unyonyaji*. *Kupe*, mdudu ambaye mfugaji wa Karagwe anamjua vyema kwa jinsi anavyowamaliza ng'ombe wake, akawa jina la mtu alaye jasho la mwenzake. *Ndugu* likachukua mahali pa *bwana* na *mheshimiwa*. *Kabaila*, *bepari*, *kabwela*, *kujitegemea*: maneno haya yalifika Nyakatuntu kabla ya barabara nzuri kufika.

Sifa kubwa ya maneno haya ni kwamba hayakuwa na mwenyewe. Neno la sheria hubaki kwa mwanasheria, na neno la Kiingereza hubaki kwa aliyesomeshwa Kiingereza. Lakini *kupe* ni la kila mtu. Ukimfundisha mtu neno hilo ili amtambue kupe wa kikoloni, huwezi kumzuia asilitumie amwonapo kupe mwingine. Serikali ilidhani kwamba inagawa majina ya adui zake. Kumbe ilikuwa inagawa kipimo, na kipimo hakichagui kitakachopimwa.

Wanafunzi wa Mlimani walikuwa wa kwanza kukitumia kipimo hicho kwa bidii. Mwaka wa 1967 liliundwa kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto lililojulikana kwa kifupi USARF, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka wa 1986. Walikuwapo walimu walioichochea fikra hiyo, hasa Walter Rodney kutoka Guyana. Tangu mwaka wa 1969 kundi hilo lilitoa jarida lililoitwa *Cheche*, na katika toleo la pekee la mwaka wa 1970 Issa Shivji aliandika kwamba mali iliyochukuliwa kwa jina la umma ilikuwa ikiingia mikononi mwa watendaji wachache. Mwezi wa Novemba mwaka huo kundi na jarida vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha, na kwamba jina la jarida lilikuwa fasiri ya jina la gazeti la Lenin, *Iskra*, hivyo lilileta sura ya ugeni.

Sababu hiyo yastahili kufikiriwa na wanaisimu. *Cheche* ni Kiswahili safi. Kila aliyewahi kukaa penye moto anazijua. Wala vijana hao hawakuwa wapinzani wa ujamaa; kosa lao lilikuwa kuutaka zaidi ya vile watendaji walivyoutaka. Kilichokatazwa hakikuwa ugeni wa neno, bali ni mahali ambapo neno lilikuwa likisemwa bila ya kuomba ruhusa. Jambo hili twalikuta tena na tena katika habari zinazofuata: Serikali haikuchoka kuzidisha maneno, na haikuchoka kupunguza mahali pa kuyasemea.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1971, mara baada ya Idi Amin kuipindua Serikali ya Milton Obote nchini Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ndiyo iliyopata umaarufu kuliko zote, kwa kuwa ilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu, na ikawapa watu haki ya kumkataa mwenye tabia hizo. Kwa upande wa lugha, jina lenyewe lina fundisho. *Mwongozo* na *kiongozi* ni maneno ya shina moja, yakihusiana na *kuongoa* na *kuongoka*, yaani kushika njia iliyonyoka. Kabla ya hapo aliyeongoza alikuwa mtu; sasa palikuwa na maandishi yanayomwongoza huyo anayeongoza. Mtu akipotea njia, mwananchi alikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa Julai mwaka wa 1971, rais wa jumuiya ya wanafunzi DUSO, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi kulalamikia jinsi chuo kilivyokuwa kikiendeshwa bila ya kuwashirikisha wanafunzi. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Pius Msekwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu mtendaji wa TANU. Basi Chama kilikuwa kimekwisha kukaa katika kiti cha mwalimu. Jibu lilikuwa askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, ambao walifika chuoni na silaha wakamwondoa Akivaga, naye akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma kuingia madarasani, na ajabu ni kwamba hata tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni lilikuwa upande wao. Wote waliutegemea Mwongozo.

Msomaji atalinganisha jambo hili na lile la 1966. Hapa hakuna mshahara, hakuna muda wa jeshi, hakuna deni. Dai ni moja: kushirikishwa. Lugha ya mkataba imeondoka, na mahali pake imeingia lugha ya Chama chenyewe. Kadhalika lugha hiyo ilikuwa imevuka mipaka ya Mlimani. Kati ya mwaka wa 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waligoma mara nyingi kwa sababu ya dharau na uonevu wa mameneja, wakiitaja ibara ile ya 15. Na mwaka wa 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hadi kukishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Mtu ambaye hakupata kusoma darasa la 7 na mtu aliyesoma shahada walikuwa sasa wakisema kwa maneno yale yale. Msomi na kabwela walikuwa hawajapata kukaribiana kiasi hicho.

Yafuatayo ni mambo matatu ambayo, kwa maoni yangu, yaliandaa inuko la mwaka wa 1978.

La kwanza ni Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba mwaka wa 1974. Kwa azimio hilo, kijana hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate sifa njema kutoka kwa mwajiri na kwa tawi la Chama. Kusudi lilikuwa kuwapata wanafunzi wasiojiona bora kuliko wananchi, na kusudi hilo lilifanikiwa kwa namna ambayo haikutarajiwa. Waliofika Mlimani baada ya hapo walikuwa watu wazima, waliowahi kukaa ofisini, viwandani na mashambani, na kuuona kwa macho yao umbali ulioko kati ya maneno ya Azimio na matendo ya wakubwa.

La pili ni uchumi. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta viliichosha nchi. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Bidhaa zikapungua, na mwananchi akaambiwa akaze mkanda.

La tatu ni kufungwa kwa milango ya kusemea, na jambo hili lilionekana vijijini kama lilivyoonekana chuoni. Nichukue mfano wa kwetu. Mwaka wa 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Huo ulikuwa wakati ambao mkulima wa Karagwe alihitaji chama chake cha ushirika kuliko wakati wowote. Lakini mwaka wa 1976, kwa amri ya Serikali, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na ununuzi ukawekwa katika mashirika ya umma. Mkulima akabaki na kahawa yake, na mzani usio wake, na bei asiyoijadili. Mwaka wa 1975 ukuu wa Chama ulikuwa umekwisha kuandikwa katika katiba, na tarehe 5 Februari, 1977, TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana zikawa Chama cha Mapinduzi. Chama kilishika hatamu. Hatamu ni za farasi, na lengo la tamathali hiyo lilikuwa kuonyesha nani anaongoza. Walakini mwenye kuisikia kwa makini hukumbuka pia kwamba hatamu hutiwa kinywani.

Katika hali hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa 1978, ilitangazwa nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na viongozi wengine. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Tarehe 5 Machi, 1978, wanafunzi wa Chuo Kikuu, pamoja na wenzao wa Chuo cha Ardhi na wa Chuo cha Maji, walitoka kuandamana kwenda mjini. Dai lao lilikuwa kwamba nyongeza hiyo ilipingana na ujamaa ambao viongozi hao hao walikuwa wakiuhubiri. Polisi waliwazuia njiani, na wanafunzi wapatao 350 wakafukuzwa chuoni. DUSO ilivunjwa, na badala yake ikaundwa MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya Chama.

Tuyaweke sasa maandamano ya 1966 na ya 1978 pamoja, kwa kuwa kila moja ni kinyume cha jingine. Mwaka wa 1966 wanafunzi walidai wasipunguziwe mishahara yao, na Rais akawajibu kwa kuupunguza wake. Mwaka wa 1978 wanafunzi walidai viongozi wasiongezewe mishahara, na Rais akawajibu kwa kuwafukuza. Katika mara ya kwanza Serikali ilikuwa na hoja na wanafunzi walikuwa na maslahi. Katika mara ya pili mambo yalikuwa yamegeuka. Kilichobadilika katika miaka hiyo 12 si tabia ya vijana. Ni kwamba walikuwa wamelisoma somo wakalielewa, nao wakamrudia mwalimu wakiwa na swali.

Nayajua maneno ya wanaopinga maoni haya. Husema kwamba wanafunzi walikuwa tabaka lenye raha, na kwamba wengi wao, walipohitimu, waliketi katika viti vile vile walivyovilaani. Sina budi kukubali kwamba ni kweli kwa wengi. Lakini ukweli wa neno haupimwi kwa maisha ya baadaye ya msemaji wake. Husemwa pia kwamba palikuwa na demokrasia ndani ya chama kimoja: katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili walishindana katika majimbo mengi, na hata baadhi ya mawaziri waliangushwa. Hilo nalo ni kweli, na si dogo. Walakini uchaguzi ule uliwapa watu nafasi ya kumbadilisha mtu, haukuwapa nafasi ya kulijadili jambo. Mwalimu mwenyewe alipata kuieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Wanafunzi wa 1971 na wa 1978 hawakuomba zaidi ya hicho kivuli cha mti.

Sasa nirudi kwenye swali la adhabu. Mara zote mbili, 1966 na 1978, waliofukuzwa walirudishwa makwao, na kwa wengi makwao ni kijijini. Serikali iliyosema kwamba kijiji ndicho chanzo cha utu na mahali pa kazi halali, ilipotaka kuadhibu, ilimpeleka mtu huko huko. Twaona hapa kwamba katika fikra za watawala, chini ya maneno yao, kijiji kilikuwa bado kile kijiji cha enzi ya mkoloni: mahali anapopelekwa mtu asiyetakiwa mjini. Mtu wa Nyakatuntu akilifikiria jambo hili hawezi kukosa kuona uchungu. Kwao, anakoishi maisha yake yote, kumefanywa gereza la mwenzake.

Hata hivyo adhabu hiyo ilikuwa na matunda yasiyokusudiwa. Mtu aliyerudi kijijini mwaka wa 1978 alirudi na habari, na habari hiyo ilikuwa katika lugha ambayo wanakijiji waliifahamu. Hakuhitaji kumfasiria mkulima neno la *unyonyaji*. Mkulima alikuwa amekwisha kulisikia redioni, na mzani wa kahawa ulikuwa umekwisha kumweleza maana yake.

Mazungumzo hayo hayakupata muda mrefu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Amin yalivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mkoa mzima wa Ziwa Magharibi, ambao baada ya vita uliitwa Kagera, ukawa uwanja wa vita au jirani yake, na Karagwe, iliyokuwa ikipakana na Uganda, ilikuwa katika hofu ile ile. Penye vita swali la mshahara wa waziri huonekana dogo. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979, na nchi ikatoka vitani imeshinda na kufilisika. Hivyo inuko la 1978 lilizikwa chini ya tukio kubwa zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kusahauliwa kwake.

Lakini halikufa. Mwezi wa Mei mwaka wa 1990, baada ya migomo mingine, Chuo Kikuu kilifungwa, kisifunguliwe tena mpaka mwaka wa 1991. Mwaka huo wa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuwauliza wananchi kama wataka chama kimoja au vingi. Asilimia zipatazo 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini wengi wa hao hao walitaka mabadiliko makubwa ndani yake. Tume ikashauri vyama vingi, na mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi huiona hesabu hiyo kuwa kitendawili. Mimi naiona kuwa muhtasari wa yote niliyoyaeleza. Wananchi hawakuwa wamelikataa jina la ujamaa. Walilalamika kwamba hakuna mahali pa kulihoji.

Kwa muhtasari, naona sababu za migomo ile ni tatu, nazo zilikuja kwa mfuatano. Kwanza ilikuwa maslahi, mwaka wa 1966. Pili ilikuwa lugha: Azimio na Mwongozo viliwapa watu wote kipimo kimoja cha kumpimia kiongozi, tena kwa Kiswahili. Tatu ilikuwa kufungwa kwa mahali pa kusemea, chuoni, kiwandani na katika ushirika. Sababu ya kwanza peke yake ilizaa maandamano ambayo wananchi hawakuyahurumia. Ya pili na ya tatu zilipokutana, zilizaa maandamano ambayo Serikali haikuweza kuyajibu kwa maneno, kwa sababu maneno yalikuwa yake.

Liko jambo moja ninalowaomba wenzangu katika taaluma hii. Tumekusanya kamusi za maneno ya ujamaa, na tumeandika juu ya maana zake kama zilivyotolewa majukwaani. Hatujakusanya vya kutosha matumizi yake katika vinywa vya walioyageuza: waliogoma, waliofukuzwa, waliowapokea vijijini. Waliofukuzwa mwaka wa 1966 sasa ni wazee sana, na waliofukuzwa mwaka wa 1978 wanawafuata. Babu yangu aliyenipa jibu lile amekwisha kufa, nami sikuandika siku ile jina la hata mmoja wa watu aliokuwa akiwasema.